Siku Mama Alipotua

Harufu ya losheni ya nazi ya abiria aliyekaa kando yangu imenirudisha uwanja wa ndege wa Eldoret, siku mama aliporudi kutoka ng'ambo. Aliniacha nikiwa mdogo sana, akaenda kutafuta kazi.

"Huko ni mbali," nyanya alikuwa ameniambia. "Ndege inalala angani, inaamka angani, na bado haijafika."

Mama alikuja akichechemea, miguu imevimba kwa kukaa safari nzima, mikono ameinyoosha. Nikajificha nyuma ya sketi ya nyanya.

"Huyu ni nani?" nikauliza kwa sauti. Swali hilo hunichoma hadi leo.

Nyanya akanisukuma. "Msalimie mamako!"

"Mwache tu," mama akasema. Akapiga magoti, akinukia losheni ya nazi, akanipa mkono kama mgeni, akaniambia jina lake.