Saa Kulingana na Mahitaji

Kazi yangu Doha ilikuwa ya makaratasi. Ofisi yetu ilikuwa Al Mansoura, juu ya duka la fundi wa nguo, na kwa miaka mingi tulishughulika na walinzi na wasafishaji kutoka Kenya na Uganda: kuwapokea, kuwatafutia kampuni, kufuatilia vipimo vya afya na vitambulisho vya ukaazi. Haikuwa kazi ya kujivunia sana, wala ya kuonea haya. Nilijua kuandika barua, nilijua Kiarabu cha kuombea radhi, na nilikuwa na dawati karibu na dirisha.

Kisha akaja meneja mpya, Mwingereza wa makamo aliyekuwa ameishi Ghuba miaka mingi. Asubuhi moja alituita mezani akatueleza kwamba tangu nchi yake ijitoe kwenye Umoja wa Ulaya, wale Wapolandi na Waromania waliokuwa wakiwaogesha wazee wa huko walikuwa wamerudi kwao, na wengine hawaji tena. Wazee wamebaki bila wa kuwatunza. "Wanawahitaji watu wako," akaniambia, kana kwamba watu wangu ni kitu nilichokiweka kabatini.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na nyumba ndogo Uhispania aliyotaka kustaafia, na sasa ilimbidi ahesabu siku za kukaa huko kama mgeni mwingine yeyote. Siku moja tukinywa chai ya karak aliniambia kwamba yeye mwenyewe alipiga kura ya kujitoa. "Sikudhani ingenigusa," akasema. Nikacheka kwa adabu. Sikudhani ingenigusa mimi pia.

Mtu wa kwanza niliyemfikiria alikuwa rafiki yangu wa kanisani. Alinizidi miaka sita, kwa hiyo nilimwita dada. Tulijuana kwenye kwaya ya Ijumaa, siku ambayo makanisa ya huku husali, tukisimama safu moja, yeye akiniminya mkono kila nilipokosea sauti. Kazi yake ilikuwa Al Wakrah, akimtunza bibi mkongwe wa familia moja ya Kiqatari. Alimwita Mama Kabira, kama wafanyakazi wengi wa huku wanavyowaita mabibi wakubwa wa nyumba. Bibi huyo alikuwa amepooza upande mmoja. Dada alimwogesha, alimlisha, na asubuhi kabla jua halijawa kali alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi ufukweni. Alikuwa amemfundisha maneno machache ya Kiswahili, bahari wakiiita maji tu, na bibi aliyatumia kwa kujigamba mbele ya wajukuu zake.

Nyumbani Kakamega dada alikuwa na mabinti pacha, wakilelewa na mama yake. Aliwaacha kabla hawajaanza shule. Alipowapigia simu ya video, walimwamkia vizuri, wakajibu maswali, kisha wakanyamaza wakingoja ruhusa ya kuondoka, kama watoto waliosimamishwa mbele ya mwalimu.

Nilipomwambia kwamba Uingereza mtunza wazee aliruhusiwa kwenda na watoto wake, aliacha kula. Tulikuwa tumetoka kanisani, tumekaa kwenye mkahawa wa Wahindi karibu na ofisi yangu.

"Watoto? Wote wawili?"

"Wote wawili. Na shule hawalipi."

"Usinichezee."

"Nikuchezee nipate nini, dada?"

Tukanawa mikono. Nje, jua likituchoma, aliniuliza mtihani wa Kiingereza unafanyiwa wapi.

Alisoma miezi mitatu, vitabu vikiwa jikoni kwa Mama Kabira, na akafaulu. Mahojiano alifanyia ofisini kwetu, kwenye kompyuta yangu, akiwa amevaa blauzi niliyomwazima. Mwenye kampuni ya huko, mwanamke wa sauti ya upole, alimuuliza angefanya nini mzee akikataa kuoga. Dada akajibu, "Ningengoja. Ningemuuliza ameota nini. Baadaye ningemuuliza tena kuhusu kuoga." Yule mwanamke akacheka, akampa kazi papo hapo.

Mkataba ulipokuja niliusoma mimi kwanza. Ulikuwa na kurasa nyingi, na katikati palikuwa na kifungu kifupi kilichosema kwamba saa za kazi zitapangwa kulingana na mahitaji ya wateja. Nilikipita, nikakirudia. Nikaenda kwa meneja.

"Hiki kinamaanisha nini hasa?"

Alikiangalia, akavua miwani. "Kinamaanisha wanaweza kumpa saa arobaini kwa wiki, au wanaweza kumpa kumi. Lakini watampa. Wana uhaba wa watu. Tafadhali usianze kuwatia watu hofu."

Ijumaa iliyofuata dada alikuja kutia saini. Alisoma polepole, kidole kikitembea chini ya mistari, na kidole kikasimama pale pale.

"Hapa wanasema nini?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nilikuwa nimepewa wazi, kwa Kiingereza cha mwenye lugha. Lakini niliona jinsi alivyokaa ukingoni mwa kiti, nikakumbuka kwamba pasipoti za mabinti tayari zilikuwa zimetoka, na kwamba meneja alikuwa nyuma ya mlango ulio wazi. Na, nikisema kweli, nilitaka niwe mimi niliyemkutanisha na wanawe.

"Ni lugha ya makaratasi tu," nikasema. "Weka saini."

Akaweka.

Siku ya kuaga nilimsindikiza Al Wakrah kuchukua mizigo. Binti wa Mama Kabira, mama wa heshima aliyekuwa akifundisha shule, alitukaribisha sebuleni kwa kahawa na tende. Alikuwa ameshamsihi dada abaki, akamwongezea likizo, na mwisho akakubali kwa sababu yeye pia ni mama. Alinitazama mimi.

"Wewe ndiye wa ofisi?"

"Ndiyo, madam."

"Umemsomea vizuri hizo karatasi?"

"Nimemsomea."

Mama Kabira hakulia. Aliuliza tu mara tatu kama huko aendako kuna bahari.

Uingereza, dada alipangiwa mji mdogo wa kaskazini. Mwanzoni alinitumia ujumbe wa sauti kila siku. Alikuwa na chumba, alikuwa na koti, majirani walikuwa wazuri. Wiki ya tatu aliniambia amefanya kazi siku mbili. Wiki ya tano, siku moja na nusu. Alikuwa akitembelea wazee majumbani mwao, dakika thelathini kwa huyu, dakika ishirini kwa yule, na muda wa kutembea kutoka nyumba hadi nyumba kwenye mvua haukuhesabiwa kuwa kazi. Wenye magari ndio waliopewa zamu nyingi. Yeye hakuwa na gari.

"Ukiuliza wanakuambia ni mahitaji," alisema. "Leo mahitaji hayapo. Kesho wanakuita saa kumi na mbili asubuhi."

Kwa saa zile hangeweza kupanga nyumba ya watu watatu. Aliwaambia mabinti wasubiri muhula mmoja. Kule kijijini walikuwa wamekwisha kuagwa shuleni, wameimbiwa na darasa zima. Wakarudi Jumatatu kwenye madawati yale yale, na wenzao wakawatania.

Alipofikisha miezi kumi, serikali ya huko iliinyang'anya kampuni kibali cha kuajiri wageni. Haikuwa kampuni pekee iliyonyang'anywa: nyingi zilikuwa zimewaita watu zikijua hazina kazi ya kuwapa. Barua ikamfikia kwamba ana siku sitini za kupata mwajiri mwingine, la sivyo aondoke. Aliandika maombi hadi akaacha kuniambia idadi. Kila mahali walitaka mtu mwenye leseni ya udereva, au mtu ambaye tayari ana kibali. Wakati huohuo nchi ile ilikuwa ikizidi kubana milango: watunzaji wapya hawakuruhusiwa tena kwenda na watoto, baadaye hata wao wenyewe wakakatazwa.

Nilimpelekea meneja barua ya dada. Aliisoma akiwa amesimama, akairudia.

"Samahani," akasema. "Kwa kweli samahani. Lakini mkataba ulisema."

"Mkataba ulisema. Sisi hatukusema."

Mwezi ule ule aliifunga idara ya Uingereza, nasi tukarudi kwa walinzi na wasafishaji.

Zikiwa zimebaki siku kumi na mbili, dada aliniomba kitu kimoja: niende Al Wakrah nikaulize kama nafasi yake bado ipo. Nilikwenda alasiri, nikiwa nimeyapanga maneno garini. Yule binti alinipokea kwa adabu ileile, kahawa ileile. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi, na nilimwona Mama Kabira kitandani, na mwanamke wa Kinepali akimkunjia blanketi miguuni.

"Tulimwambia abaki," binti akasema baada ya kunisikiliza. "Huyu naye ana watoto kwao. Nimfukuze kwa kosa gani?"

Nilipoinuka nikamsalimia bibi kutoka mlangoni, kwa Kiswahili, nadhani kwa mazoea tu. Aligeuza kichwa kwa haraka. "Maji," akasema, "maji, twende," akininyooshea mkono ule mzima. Mnepali akampa maji, naye akayasukuma. Nilishika ule mkono kidogo, kisha nikaondoka.

Dada alirudi Kenya kwa ndege iliyopitia Doha. Saa tano za kungoja uwanjani, mchana. Mimi sikuweza kuingia wanakosubiri abiria wa kuunganisha ndege, naye hakuruhusiwa kutoka. Hata hivyo nilienda, nikakaa upande wa wanaowasili, na tukaongea kwa simu, tumetenganishwa na kuta na askari. Alinieleza kwamba kuna sanamu kubwa ya dubu wa manjano imewekwa katikati ya ukumbi na watoto wanapiga nayo picha. Tukacheka. Halafu akauliza, bila kubadilisha sauti:

"Kile kifungu. Ulijua?"

Watu walikuwa wakipita na mizigo. Ningeweza kusema simu inakatika.

"Nilijua. Nilimuuliza meneja kabla hujatia saini, akanieleza."

Nilisikia kwenye simu yake tangazo la safari ya mji mwingine.

"Ungeniambia," alisema. "Pengine bado ningeenda. Lakini ningeenda nikijua. Watoto nisingewaambia waage."

"Dada, nisamehe."

"Nimechoka," akasema. "Acha nipumzike kabla hawajaita ndege." Na akakata. Nilikaa pale mpaka ubao ukaonyesha ndege ya Nairobi imeondoka, ingawa sijui nilidhani ningepata nini kwa kukaa.

Sasa anafanya kazi kwenye kituo cha afya karibu na kwao, na anaishi na mabinti zake, ambao wamekuwa warefu kumshinda. Hayo nimeyajua kwa watu wa kwaya. Mimi bado niko Al Mansoura, dawati lile lile. Meneja amehama, sikuuliza ni wapi.

Krismasi iliyopita nilipiga simu. Akapokea mmoja wa pacha, akaniamkia vizuri. Nilimsikia mama yake nyuma, kwenye kelele za vyombo, akiuliza ni nani.

"Ni anti wa Doha."

Vyombo vikanyamaza.

"Mwambie nitampigia," akasema.

Nikamwambia mtoto nimesikia, asijisumbue kurudia. Hajapiga bado.