Weusi wa Moshi

Siku yangu ya kwanza kazini nilimsikia mwanamke akiimba nyuma ya ukuta, sauti nyembamba kana kwamba amefungiwa ndani ya debe. Nilipoingia hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na sanduku la mbao, pembe ya bati, na Mwalimu, mwajiri wangu, mkusanyaji wa fonografu kuukuu, mashine za kucheza sauti, hapa Lurambi.

"Unaipa umri gani?"

Nikatazama pembe iliyochorwa maua, nikasema ni ya kale mno.

"Pembe ni kofia, binti yangu. Hata mwizi wa kuku anaweza kuvaa kofia ya askofu."

Umri wa mashine tuliusoma kwenye kibati cha namba. Tarehe ya mwisho ya hataza, ile haki ya mvumbuzi, huonyesha kwamba mashine haikuundwa kabla ya hapo. Silinda za nta, zilizobeba sauti kabla ya sahani za santuri, zina umri wake. Za kahawia ni za mwanzo, laini kama sabuni. Nyeusi ni za baadaye, ngumu, huvumilia sindano nzito.

"Usiamini ngozi," Mwalimu alionya. "Chungulia ndani ya silinda." Kwa miaka mingi nilichungulia.

Mwalimu alipolazwa na kiharusi nilibaki peke yangu. Ndipo akaja Hamisi, mkulima wa miwa kutoka Mayoni, amekumbatia fonografu na silinda moja.

"Asalaam aleikum, Mama. Hapa ndipo mnaamshanga wafu?"

"Aleikum salaam. Wengine hugoma."

Akacheka, kisha akaiweka silinda mezani. Ndani ya silinda ile alikuwamo babu yake. "Mama yangu hainuki tena kitandani. Anataka kumsikia baba yake kabla hajamfuata. Nitamchukulia sauti kwa simu."

Kibati kilisema mashine ni ya baadaye. Silinda ilikuwa nyeusi. Nikafunga sindano nzito, na kwa kuona haraka yake, sikuchungulia.

"Mulembe," mzee akasalimu kutoka kwenye pembe, akacheka, akaendelea kusema karibu mpaka mwisho wa silinda, Hamisi akihangaika na simu.

"Ngoja, Mama! Simu haijaanza! Rudisha!"

Nikasimamisha mashine. Kwenye sindano palijikunja unyuzi wa nta, wa kahawia.

"Mliiweka wapi hii?"

"Darini jikoni, pamoja na mbegu za mahindi. Mchwa hawapandangi penye moshi."

Sasa nikachungulia: ndani silinda ilikuwa kahawia. Niliweka sindano nyepesi, nikarudisha mwanzo. Ilitoka mikwaruzo mitupu. Hamisi aliinyoosha simu yake mbele ya pembe mpaka silinda ikaisha.

"Nimwambie mama yangu nini?"

"Mwambie fundi amekosea."

"Nitamwambia alisema mulembe. Nawe ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi tuko wawili."

Nimestaafu sasa. Vijana huja kuniuliza juu ya vibati na hataza, nami huwajibu vizuri, kama mtu asiye na deni. Usiku wa kazi hii hawauoni. Hawajamwona Hamisi akiokota zile nyuzi za nta kwa ncha ya kidole, moja moja, akizifunga ndani ya leso, akinishukuru kwa adabu nisiyoistahili. Kisha akatoka, akauvuta mlango taratibu, kama mtu anayemwacha mgonjwa amelala.