Siku Nyamizi Aliposema Wasiingie

Mwano, yowe la hatari, ukipigwa kijijini Kigwa, mtu anaacha alichoshika. Aliyekuwa anakula anauacha ugali, aliyekuwa anaoga anatoka na povu masikioni, na hakuna anayeuliza kuna nini mpaka afike. Walifanya hivyo enzi za misafara ya pembe na chumvi, na wanafanya hivyo leo wakiwa na simu mfukoni. Asiyeitikia yowe hilo hutengwa. Haombwi moto wala chumvi, na akifiwa atajua mwenyewe kaburi litachimbwa na nani. Nyamizi alizaliwa ndani ya sheria hiyo. Marehemu baba yake aliwahi kutozwa mbuzi kwa kuchelewa tu, na alimtoa bila ubishi.

Kwa hiyo alipoajiriwa zimamoto Tabora mjini, hakuona kama ameingia kazi ngeni. Watu wakiita, unakwenda. Na kiongozi wake wa kwanza, Stafu Sajini Raymundi, alimthibitishia hivyo kila siku. Raymundi alikuwa mfupi, mnene wa shingo, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjamana kwa moto tangu ujanani. Kwake yeye kiongozi ni yule anayeingia wa kwanza. Basi. Mengine yote aliyaita porojo. Gari likiwa halijasimama sawasawa yeye ameshashuka, mpira wa maji begani, vijana wakimfuata nyuma kama vifaranga. Tabora tuna midomo, hatuoni gari jekundu bila kuuliza kama safari hii limebeba maji, lakini Raymundi akipita tulinyamaza.

Kisha likaungua ghala la magodoro. Raymundi aliingia na vijana wake wote, moshi mzito, kila mtu akipapasa kwa njia yake. Wakatoka wakikohoa, wakamwagiana maji vichwani, wakaanza kutaniana. Samweli, mmoja wa vijana hao, hakuwemo. Alikuwa amerudi ndani kufuata mpira uliobaki, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyekuwa amebaki nje wa kujua. Walimkuta wakati wa kusafisha. Raymundi alikaa juu ya ngazi ya gari akalia mbele za watu, na hakuwa tena Raymundi yule. Alistaafu kabla ya masika.

Nyamizi alipelekwa mafunzoni, akarudi akiwa kiongozi wa zamu, na akarudi na mambo mapya. Kiongozi haingii. Anasimama mahali anapoona jengo na watu wake. Kila anayeingia anaacha kibao cha jina lake kwa mwenzake anayebaki mlangoni, na hakuna anayeingia peke yake. Paa likianza kupinda, hakuna anayeingia kabisa, na waliomo wanatoka, hata kama kuna mtu wamemwacha. Hilo la mwisho mkufunzi alilisema taratibu, akarudia. Ukijua huwezi kumtoa, usimwongezee wa kufa naye.

Vijana wa zamu walinung'unika. Wakampa jina, Afande Kivulini. Yeye aliwaacha waseme. Moto mmoja ukapita, wa pili ukapita, kila mtu akarudi nyumbani na nyusi zake, na jina likafa lenyewe.

Tatizo lilikuwa vijijini. Gari likitoka mjini kwenda vijiji vya Uyui, likifika linakuta majivu na watu wamekaa. Ndipo likaja wazo la kuwafundisha sungusungu, walinzi wa jadi, wawe wanaanza wao. Nyamizi aliomba aanze na Kigwa, kwao. Hakutumwa, aliomba mwenyewe, na hilo ndilo linalomrudia sasa kila anapojilaza.

Kamanda wa sungusungu pale ni Sayi, kijana mtulivu, rafiki wa Ezekia tangu wakichunga pamoja. Ezekia ni mdogo wake Nyamizi, mtoto wa pili na wa mwisho wa mama yao, Asnath; alikuwa mkulima wa tumbaku, na kwa maneno hakuwa na mpinzani. Mazoezi yalifanyika kwenye bani lake, lile jengo refu la matofali ambamo majani ya tumbaku hutundikwa kwenye fito juu kwa juu, na bomba la moto hupita chini kuyakausha. Ezekia ndiye aliyejitolea kuwa majeruhi. Akalala ndani, na kila Nyamizi alipotaka kueleza jambo la maana, sauti ikatoka humo: "Jamani, nimeshaiva upande mmoja, njooni mnigeuze!" Kijiji kizima kilikuwa hoi kwa kicheko. Mama Asnath, aliyekuwa amekaa na wanawake wenzake, akasema kwa sauti ya kusikika, "Serikali imenisomeshea binti aje atufundishe kusimama." Nyamizi naye alicheka. Alikuwa na furaha siku ile, na hakuificha.

Lakini somo liliingia. Sayi alilishika kuliko wote. Aliwapanga watu kwa ndoo, akawafundisha kuangalia paa kabla ya kuangalia moto, na jambo gumu kuliko yote, akawazoesha wazee wakubali kwamba mwano ukipigwa kwa ajili ya moto, watu wafike, lakini wakifika wamsikilize mmoja. Kwa Kigwa hilo si dogo.

Ilikuwa alasiri, mwishoni mwa msimu wa kukausha. Nyamizi alikuwa uani kituoni, vijana wakianika mipira. Simu yake ikaita, akaona jina la Sayi, akapokea akidhani ni salamu.

"Dada, bani la Ezekia linawaka. Yumo ndani."

"Yumo wapi ndani?"

"Ufito ulidondokea bomba, akaingia kuuokota. Fito za juu zote zimemwangukia. Zimembana miguu."

Nyamizi aliwapungia mkono vijana, wakaelewa, wakaanza kukimbilia gari. Yeye alibaki na simu sikioni. Huko Kigwa ilikuwa kelele tupu.

"Paa likoje?" aliuliza.

"Limepinda katikati."

"Moshi?"

"Mweusi. Unatoka mpaka kwenye nyufa za ukuta. Unatoka kwa nguvu, dada."

"Mnamwona?"

"Hatumwoni. Tunamsikia."

Hata yeye alimsikia. Ezekia alijua Sayi anazungumza na nani, maana Sayi alikuwa anapiga kelele ili asikike, na sauti ya mdogo wake ilikuja kwenye simu ikiwa imepasuka, bila mzaha wowote ndani yake. "Nyamizi! Waambie waje! Dada, waambie waje!"

"Nipo na vijana," Sayi alisema. "Wote wako tayari. Tuingie?"

Angekuwa ni mtu mwingine humo ndani, Nyamizi alijua jibu. Alilijua tangu Sayi aliposema limepinda. Alisimama pale uani akilitafuta jibu jingine kwa moyo wake wote, akitafuta njia ambayo huyu mmoja tu, huyu aliyembeba mgongoni akiwa mtoto, angeruhusiwa, na hakuipata.

"Msiingie," alisema.

"Dada?"

"Sayi, usiingize mtu. Warudishe wote, watoke karibu na ukuta. Mwageni maji mlangoni mkiwa huko huko mbali. Umenisikia?"

Ezekia aliita tena. Kisha Sayi akasema, "Haya." Nyamizi akamsikia akiwafukuza watu kwa ukali, akimtukana mmoja aliyekuwa anang'ang'ania, akilia huku anatukana. Paa lilianguka simu ikiwa bado haijakatwa.

Mimi nimemuuliza Sayi, kwa sababu watu wanauliza, kama muda ulikuwepo. Anasema wa kuingia ulikuwepo. Wa kutoka hajui, na ananiomba nisimuulize tena.

Gari lilipofika Kigwa, Nyamizi alishuka akasimama mahali kiongozi anapotakiwa kusimama. Alielekeza maji, alizuia watu, alihesabu vijana wake. Vijana wenyewe walikuwa wanashindwa kumtazama. Kazi ilipokwisha na mwili kutolewa, ndipo alipovua kofia, akakaa chini kwenye tope la maji yao wenyewe.

Mama Asnath alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya mwano ulipopigwa. Alikimbia na kitenge mkononi, akakuta paa liko chini. Usiku ule walilia wameshikana, mama na binti, na mama alimbembeleza kama ambavyo mama humbembeleza aliyefiwa na ndugu. Hakuwa ameambiwa habari ya simu. Nyamizi alitaka kusema, akaona asubuhi itafaa zaidi. Asubuhi ikawa na watu wengi.

Siku ya mazishi alikuja Minza, mama yake Sayi. Alipita katikati ya wanawake, akapiga magoti mbele ya Nyamizi, akamshika mikono yote miwili. "Mwanangu, ahsante. Wangu yuko hai kwa ajili yako. Ungesema waingie, leo tungezika watoto wa kijiji kizima." Akambusu viganja, akilia machozi ya kweli. Hakuwa na nia mbaya, maskini. Mama Asnath alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka hapo, na Nyamizi alipoinua uso aliona kwamba amesikia. Mama alijifunika kanga vizuri kichwani, akageukia upande mwingine.

Raymundi naye alikuja, amezeeka, suti imemzidi. Walisimama nyuma ya nyumba. Nyamizi akamuuliza, "Afande, wewe ungefanyaje?"

"Ningeingia," alisema Raymundi. "Unanijua. Ningeingia nao wote."

"Na ingekuwaje?"

"Ningewaua." Aliutazama mkono wake uliokunjamana. "Ulifanya sawa, Nyamizi. Nilitaka nikuambie litakuja kukupoa, lakini la Samweli halijanipoa mimi, na mimi nilikosea. Sijui kwa aliyefanya sawa inakuwaje."

Matanga yalianuliwa. Watu wakaondoka mmoja mmoja, mikeka ikakunjwa. Mama Asnath alikuwa amekaa barazani akichambua maharage ambayo hakuna mtu wa kuyala. Nyamizi alikaa ngazi ya chini. Alijua kwamba ama mama atamrudia leo, ama hatamrudia.

"Sayi ameniambia," alisema mama bila kuinua macho, "Ezekia mwenyewe ndiye aliyewakataza. Alipiga kelele wasiingie, wataungua. Ni kweli?"

Nyamizi hakuwa amemwomba Sayi aseme hivyo, wala hakujua kwamba Sayi amesema. Aliona mara moja ni zawadi. Kijana wa watu alikuwa amebeba uongo huo kifuani kwake ili yeye apate mahali pa kukaa nyumbani kwa mama yake.

"Ni kweli, mama."

Mama aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe dogo, akalitupa uani. "Ezekia," alisema, "akichomwa na mwiba alikuwa anaita kijiji. Nimemzaa mimi. Huyo hajawahi kumkataza mtu asije kwake hata siku moja." Sasa aliinua macho. "Nakuuliza wewe, uliyekuwa kwenye simu. Alisema nini?"

"Aliniita, mama. Alisema niwaambie waje."

"Na wewe?"

"Nikasema wasiingie."

"Ulimsikia anaita, ukasema wasiingie."

"Paa lilikuwa limepinda, mama. Wangekufa wote. Sayi angekufa, na yeye asingetoka. Nakuapia, asingetoka."

"Nimesikia," alisema Mama Asnath. "Nimeelewa kabisa, usidhani sielewi. Minza ana mtoto na mimi nafurahi ana mtoto. Ulifundishwa, na ukafanya ulivyofundishwa." Aliweka ungo chini. "Lakini mimi nilizaa watoto wawili, mmoja akamwita mwenzake. Sijui nikuweke wapi, Nyamizi. Ningekuwa najua ningekuweka. Nenda kazini kwako. Nikikuhitaji nitakuita."

Alikwenda. Yuko Tabora mpaka leo, na zamu yake inatajwa vizuri, na vijana wanaokuja wapya hupelekwa kwanza kwake. Anafundisha lile la paa kama alivyofundishwa, taratibu, na analirudia, kisha hutoka nje kidogo. Kila akipokea mshahara hutuma kitu Kigwa kupitia kwa Sayi, na Sayi husema kimepokelewa. Simu ya mama haijaita.

Kipupwe kilichofuata alikutana na Minza sokoni, amekuja kuuza karanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na wewe pole, pole sana na kuuguza." Minza aliposema hivyo akauona uso wa Nyamizi, akashika mdomo.

"Nani anaumwa, mama?"

Ikabidi aseme. Mama Asnath alishikwa na malaria kali, ikampanda kichwani. Wao majirani walimpakia kwenye treni wakamleta hospitali hapa hapa mjini, akalazwa karibu wiki nzima. Minza mwenyewe alilala chini ya kitanda chake. Sasa amepona, amerudi, anatembea, hata kwaya ameanza tena.

"Nilimwambia tukuite," alisema Minza, machozi yakimlengalenga. "Nilimwambia, mama, binti yako yuko hapo jirani, anakuja kwa miguu. Akasema nikuache, uko kazini."

Nyamizi alimshukuru kwa kumwuguzia mama. Akanunua karanga, akabebeshwa na za ziada. Hakumwambia Minza kwamba wiki ile alikuwa likizo, na kwamba alikuwa ameshinda nyumbani siku zote hizo, anafua, anapika, simu ameiweka dirishani panapokamata mtandao.