Kadi ya Waingereza katika Koti la Dobi

Wakaaji wote wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, wa mjini na wa site, mitaa ya Waafrika, wenye baiskeli na wenye kuzitamani, mnaarifiwa kwa heshima zote zinazopatikana: lile swali ambalo Waingereza wenyewe wameshindwa kulimaliza, yaani kama vyama vyao vikubwa viwili bado vinafuata mambo yaliyovizaa, lilijadiliwa kwa ukamilifu mwaka 1961, Jumamosi moja saa nane mchana, kwenye kizuizi cha askari, njia ya kwenda mtaa wa Kenya. Bunge halikuhusika. Aliyehutubia alikuwa dobi.

Dobi huyo ni Casimir. Wazazi wake walitoka Kasai kufuata kazi ya reli. Yeye akazaliwa hapa hapa, akabatizwa hapa hapa, akaoa hapa hapa. Lakini tangu Katanga ijitangaze kuwa nchi, kuzaliwa hapa hapa kulikuwa hakutoshi tena. Ilitakiwa kadi ya chama. Mwenye akili alinunua kadi ya chama cha wenye nchi. Mwenye akili zaidi alikuwa nazo tatu, kila mfuko na serikali yake. Casimir alikuwa na moja tu, na siku zote aliiweka mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto, juu ya moyo, mahali wengine wanapoweka picha ya Bikira Maria.

Kwa miaka minane alifua na kupiga pasi kwa Bwana Hargreaves, Mwingereza wa bima. Chumba cha pasi kilipakana na chumba cha kulia, na Casimir, aliyejifunza Kiingereza kule Ndola, alikuwa amesikiliza siasa yote ya Uingereza kupitia ukutani, imechanganyika na mvuke. Baba yake Hargreaves alikuwa mchimba makaa ya mawe, mtu wa chama cha wafanyakazi mpaka kaburini. Mwana alikipigia kura chama cha wenye mali, kisha kwenye wiski ya tatu analia na kuimba nyimbo za chama cha baba. Casimir hakumcheka. Aliendelea na kola.

Jumamosi hiyo bwana alimpa koti lake kuukuu. Sasa, dobi asiyepekua mifuko hafai kupewa hata matambara, na Casimir alikuwa amepekua mifuko maelfu. Lakini koti la kupewa si la kufua, ni la kuvaa. Alilivaa papo hapo, lake akaliacha kwenye msumari wa chumba cha pasi, akatoka kifua mbele mpaka langoni, alipongojewa na mkewe Albertine mwenye kikapu cha unga.

Kizuizini palikuwa na mapipa mawili, ubao juu yake, na lori. Lori ndilo lililokuwa na maana. Asiye na kadi alipandishwa humo, akapelekwa stesheni kurudishwa “kwao” Kasai, hata kama kwao alipajua kwa nyimbo za mama tu. Mle ndani walishakaa watu sita na godoro moja.

“Carte!” alisema sajini Godefroid bila kuinuka kitini.

Casimir akatia mkono mahali pake pa kila siku, akatoa kadi kwa raha zake. Sajini akaigeuza. Akaigeuza tena.

“Hii iko ya chama gani?”

Casimir akatazama, na moyo ukashuka mpaka kwenye soksi. Ilikuwa kadi ya marehemu mzee Hargreaves; yake ilikuwa imebaki kwenye msumari.

“Iko… ya Bangereza, chef. Chama ya bantu ya kazi.”

“Na hapa nyuma banaandika nini? Soma.”

Hapo Casimir akafanya kosa la mtu mwenye elimu: alitafsiri sawasawa. “Banasema, bantu ya kazi bapate matunda yote ya kazi yabo. Na viwanda na migodi vikuwe ya bote.”

“Migodi?” Koplo Émile aliweka chini chupa yake. “Migodi ya bote? Sergent, huyu iko komunisti!”

Katika Elisabethville ya mwaka ule ungeweza kumtukana mama wa mtu ukasamehewa kabla ya jioni. Mgodi haukuguswa, maana ndio uliolipa mishahara ya askari. Sajini akaonyesha lori kwa kidevu. Albertine akamshika mumewe mkono wa koti, na Casimir akamwona kwa mawazo Kapinga, binti yao wa miaka mitano, amesimama mlangoni pa nyumba kungojea unga usiofika.

“Ngoja, chef!” akapaza sauti. “Iko imeandikwa, lakini beye benyewe habaamini tena!”

“Namna gani habaamini?”

“Mwaka juzi mukubwa yabo alisema: tufute hii mustari, inatufukuzia kura. Bengine bakapiga makelele sana, mustari ikabaki. Lakini inabaki kama picha ya nkambo ku ukuta. Hakuna mwenye kumuuliza babu shauri.”

“Na bakubwa yabo, ni bantu ya kazi?”

“Bengi ni baprofesa na baavoka ya mahakama, chef. Mikono laini. Makaa ya mawe banayaona ikishawaka.”

Sajini akaanza kuona raha. Tangu asubuhi alikuwa amesoma kadi za aina moja tu. “Na ile ingine, ya batajiri?”

“Ile ilizaliwa kulinda mashamba ya mabwana, na kanisa, na mufalme. Leo inajisifu ilijengea bantu ya kazi nyumba laki tatu mu mwaka moja. Na hospitali ya bule, yenye bale bengine balianzisha, haithubutu kuigusa.”

Sajini alihesabu kwa vidole. “Ya batajiri inajengea bamasikini nyumba. Ya bamasikini inaongozwa na baavoka. Sasa tofauti iko wapi?”

“Moja iko bluu, chef. Ingine nyekundu.”

“Nyekundu!” Émile akaruka. “Sergent, unasikia? Nyekundu!”

Albertine akafumba macho. Lakini mumewe alikuwa ameshafika kwenye jambo analolijua kuliko askari wote wa Katanga.

“Nyekundu ya kufuliwa, ndugu,” alisema. “Imefuliwa mara mingi. Sasa imepauka, iko roze.”

Sajini alicheka mpaka kiti kikalalamika. Casimir hakucheka. Alijua amemwonea mzee Hargreaves: hospitali ile ya bure ilikuwa tunda la mstari ule ule, na waliopiga makelele ili usifutwe waliuamini kabisa. Lakini mzee alikuwa amekufa, na lori lilikuwa hai.

“Chama yenye haiamini kitabu yake haiwezi kuleta taabu huku,” sajini aliamua, akifuta machozi. “Bapite! Émile, inua ubao.”

“Aksanti, chef,” alisema Albertine, akamvuta mumewe kabla elimu haijampanda tena.

Walitembea si haraka, si polepole, kama wanavyotembea watu wasio na kosa. Walipopita kona, Casimir akaketi kwenye ukingo wa mfereji.

“Baba Kapinga!” Albertine alimpiga kofi begani. “Juu ya nini unafasiria askari migodi? Haukuweza kusema iko kadi ya mupira?”

Wakaangaliana. Wakacheka mpaka unga ukamwagika, na waliopita wakafikiri wawili hawa wametoka kunywa.

Walipofika nyumbani, Kapinga alichukua kikapu kama mtu aliyecheleweshwa kazini. Habari ilikuwa imewatangulia, na kabla bukari, yaani ugali, haijaiva ua ulijaa. Jirani yao Constantin, fundi viatu na mtu wa maneno makubwa, akasimama, akavua kofia.

“Profesa,” alianza, “shiye bote tunangojea, kisayansi kabisa. Vile vyama mbili vya Bangereza, viko bado na mizizi yabo, ao hapana?”

Casimir akamega bukari, akachovya kwenye mchuzi, akatafuna, akameza.

“Siyue, Constantin. Miye nilitaka tu kupita.”