Kupokea Pole kwa Kinorwe

Yaya, dada yangu mkubwa, alipata hifadhi Norwe. Mimi nilibaki Bulengera, hapa Butembo, nikingoja karatasi za kumfuata. Alinifundisha kwa simu kusalimia na kuomba samahani kwa Kinorwe.

Kisha mama yetu akauawa shambani, karibu na Kamango. Tulipokuwa tungali makaburini yaya alipiga simu, akampatia simu jirani yake, mwanamke mzee Mnorwe, anipe pole.

"Kondolerer," yule mwanamke akasema polepole.

"Anakupatia pole," yaya akanieleza. "Mujibu *takk*, ni kusema asante."

"Asante ya nini? Mama amekufa!"

"Huku banajibu vile."

Nikasema "takk" kwa sauti ya chini, nikaona haya kushukuru mbele ya kaburi la mama. Siku zilizofuata, yaya alipopiga simu tuendelee na masomo ya Kinorwe, nilimwambia nimechoka.