Masikio ya Kinu

Kiwandani hakuna aliyemwita mjomba wangu kwa jina. Aliitwa Masikio. Kazi yake ilikuwa kuendesha kinu cha kusagia saruji, lile pipa kubwa linalozunguka na gololi za chuma tumboni, na alikiendesha kwa kusikiliza. Kikikosa chakula, gololi hupigana zenyewe kwa kelele kali. Kikivimbiwa, sauti hufifia, gololi hukosa nguvu, na saruji hutoka chengachenga. Vizibo vya masikio hakuvaa hata siku moja. "Nikiziba, nitasikia nini?" aliuliza, mabosi wakacheka. Kifaa cha kusikilizia kinu kilipokufa, hawakununua kingine. Cha nini, na Masikio yupo? Mpaka leo nina hasira nao.

Mimi nipo maabara, navunja vitofali vya majaribio kupima nguvu ya saruji. Msimu ule vilianza kumeguka kama biskuti. Zege lake lilichelewa kukomaa, siku za mwanzo lilikuwa legelege, na mafundi walishazoea saruji yetu ya zamani iliyokaza upesi: wakimwaga zege la dari, hawachelewi kutoa mbao. Fundi mmoja akazitoa kama kawaida yake, zege likamshukia. Yuko hai, ila miguu haina habari naye.

Injinia alihangaika. Akapima klinka, yale mawe ya kuchomwa tunayoyasaga, akabadilisha jasi, akakagua chekeche. Wapi! Kila akimuuliza mjomba, jibu lilikuwa moja: "Kinu kiko sawa, kinalia vizuri."

Nikaenda kusimama nyuma yake. Kinu kilikuwa kinaguna kama mtu aliyejifunika blanketi. Nikamwita. Hakugeuka. Nikaita kwa nguvu zangu zote. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mkewe siku hizi humgusa bega kabla ya kusema naye, na kwa nini yeye hututazama sana midomo. Nililia pale pale, kwenye vumbi.

Nilimwambia injinia. Ningefanyaje, na yule fundi amelala vile?

"Masikio? Acha utani, dada," alisema. Hata hivyo alimwita mjomba maabara, na akaagiza kinu kizimwe ili akafungue kuona ndani.

Mjomba aliingia ameshika kofia, uso umemkauka. Alishajua nani kamsema.

"Hata wewe, mwanangu?"

Akamgeukia injinia.

"Injinia, mimi sina kazi nyingine," akasema. "Nimezeekea pale. Ukinitoa kwenye kile kinu, umenizika."

Alikuwa bado anasema kinu kilipozimika. Kimya kikatanda kiwanda kizima. Wapakiaji uani waliacha mifuko wakageuka, injinia akainua kichwa, mimi nikashika meza.

Mjomba alinyoosha kidole kuelekea dirishani, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

"Si hicho hapo?" alisema. "Kisikilizeni wenyewe kinavyolia."