Kichwa cha Babu Kwenye Mti wa Wafalme wa Ufaransa

Nilikata kichwa cha babu yangu kwa mkasi. Kwenye picha, ndiyo, lakini siku ile hakuna mtu angethubutu kumwambia Mama "ni picha tu".

Mwalimu wetu wa historia pale Hyattsville, Marekani, aliwapenda wafalme wa Ufaransa kama wengine wanavyopenda timu ya mpira. Akataka tuchore mti wa ukoo wao, Capet kwenye shina, halafu tawi la Valois (ndugu watatu walipokezana kiti, wote wakafa bila kuacha mtoto wa kiume, ufalme ukaenda kwa binamu), halafu Bourbon, na kila mfalme awe na sura. Bila sura ni sifuri, na mimi sifuri moja zaidi ingenipeleka kusoma historia likizo nzima. Nikaikumbuka kazi hiyo Jumapili jioni, maktaba imefungwa, kompyuta hatuna. Tulichonacho ni bati la biskuti la Mama, limejaa picha.

Basi nikawagawia jamaa zetu ufalme. Papa Kasongo, Mkongo wa ghorofa ya chini, nikamfanya Louis Mnene, na kwa kujionyesha nikaandika kwa Kifaransa, le Gros. Kitabu kilisema Bourbon walikuwa na mapua, na ndani ya bati lote pua ya hivyo ilikuwa moja, ya Babu, baba yake Mama, amesimama na koti lake mbele ya studio ya Moshi. Nikampa Louis wa Kumi na Sita. Na kwa kuwa yule alikatwa kichwa, nami nikakata, mwili nikaubandika juu, kichwa chini ndani ya kikapu nilichochora (nilijiona nina akili kweli).

Shida ni kwamba mwalimu aliipenda. Akaitundika ukumbini siku ya wazazi.

Mama akaja moja kwa moja kutoka kazini na sare yake ya kutunza wazee, na kwa kuwa gari letu lilikuwa bovu, aliyemleta ni nani? Papa Kasongo.

"Mama, tuanzie maabara," nikasema.

"Maabara ya nini, na unafeli historia?"

Papa Kasongo alishafika ukutani, ameshusha miwani. "Le Gros," akasoma. "Mama Neema, mutoto yako ananiita munene mu Kifaransa."

"Samahani sana Papa, huyu mtoto..." Mama akaanza, macho yakapanda tawi la Bourbon, yakafika kwenye kikapu. Kisha akaniuliza polepole, "Hiyo ni kopi?"

Haikuwa kopi. Ilikuwa picha pekee ya Babu iliyobaki duniani, na wiki ile ilikuwa ipelekwe kukuzwa kwa ibada ya kumkumbuka, Jumamosi, sebuleni kwetu. (Sasa kitu cha maana hivyo kinakaaje kwenye bati la biskuti bila mtu kuambiwa?) Nikaanza kukwangua kwa kucha mbele ya wazazi wote. Gundi ilishika haswa. Paji la uso likachanika, macho yakabaki Ufaransa, na mimi nikabaki na pua ya Babu kwenye ncha ya kidole.

Tangu hapo mkasi nauona kwa mbali tu. Tulipofika mlangoni kwetu Mama akageuka, akanitazama uso mzima, akasema:

"Jumamosi utavaa koti, utakaa pale mbele ilipotakiwa kukaa picha ya baba yangu, kimya, ibada nzima, watu wakutazame. Pua unayo."